Mate ya Bibi Shamba

Bibi Shamba alikuwa mwoga. Nalitanguliza hilo kwa sababu wengi waliomfahamu katika vijiji vyetu vya bonde la Ruvuma watakwambia alikuwa mkali, au mwenye maringo, au mtu wa kukataa vyakula vya watu. Yote yana ukweli wake, lakini mimi niliyemjua miaka mingi nasema alikuwa mwoga kwanza. Aliogopa mamba, na huo si woga wa kumcheka mtu, maana hata sisi tunawaogopa. Lakini aliogopa pia ngurumo za mbali, jongoo, mbwa aliyelala, na maji ya kunywa ambayo hakuona yalikochotwa. Akipita chini ya mkorosho aliinamisha kichwa na kuharakisha, asije akadondokewa na nyoka. Tulimcheka sana.

Leo simcheki. Nimekaa kibarazani kwake mjini Mtwara, nasubiri dereva anipigie kwamba gari la kurudi kwetu limejaa, na kwa kuwa mikono yangu haitulii nimeamua kuipa kazi ya kuandika. Kaka yangu ametoka na pikipiki kumchukua binti yangu Zuhura ampeleke zahanati. Zuhura ananyonyesha. Yaliyompata nitayasema ikifika zamu yake, sasa hivi sina ujasiri huo. Nataka kwanza kumweleza huyu bibi, kwa sababu kitu ninachokiogopa yeye ndiye aliyenifundisha kukiogopa, na kitu chenyewe kimeota nyuma ya nyumba yangu na kila mtu anakiita chakula.

Ni muhogo. Mwaka huu mvua zilikuja, zikapiga kelele juu ya mabati, zikaondoka zisirudi. Mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Muhogo haukufa, maana muhogo haufi kirahisi. Ulipukutisha majani ya chini, ukabaki na vijani vichache kileleni, ukasimama hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi. Huku kwetu hali hiyo tunasema muhogo umelala. Neno hilo lilikuwa likimtoa Bibi Shamba jasho.

"Haujalala," alikuwa akisema. "Umeogopa."

Serikali ilimhamishia kwetu kutoka Rungwe, kwenye migomba na mvua za kila siku. Mumewe alikuwa karani bandarini, akabaki mjini, naye akapewa chumba karibu na shule ya Mahurunga, awe anazunguka vijijini. Wenzake wanaume katika kazi hiyo tuliwaita Bwana Shamba, kwa hiyo yeye akawa Bibi Shamba, na nadhani hata yeye alisahau kwamba ana jina jingine. Alikuwa Mkristo, na Jumapili aliimba darasani na walimu wageni kama yeye, kwa sauti nzuri ambayo hatukuitegemea. Kiangazi chake cha kwanza kilimtisha vibaya. Alikuwa akitoka asubuhi, anatazama juu, halafu badala ya kutusalimia kama watu anauliza tumelalaje na mbingu ya namna hii. Sisi tulikuwa tumelala vizuri tu. Tulimwona mtu wa ajabu.

Alitucheka na yeye. Alipotusikia tunasema "nhogo" alitusahihisha, muhogo, akilitamka neno polepole kama anamfundisha mtoto. Mama yangu akamjibu kwamba hata ukiuita nhogo unashibisha. Bibi Shamba alicheka mpaka akashika kiuno, na tangu siku hiyo walikuwa marafiki, ingawa walikuwa marafiki wa kugombana.

Kazi yake aliipenda kuliko watu. Nasema hivyo bila kumsengenya, angekubali mwenyewe. Alikuwa anachuchumaa shinani, anaokota jani la njano na kuliinua juani tulione. Sisi tuliona jani lililokufa. Yeye alituambia ni jani lililonyonywa. Udongo ukikauka, alisema, mizizi haina cha kupandisha, kwa sababu chakula cha mmea husafiri ndani ya maji na maji hayapo. Basi mmea unageukia akiba yake wenyewe. Unavunjavunja vilivyomo ndani ya majani ya zamani, unakusanya kila chenye faida, unakishusha kwenye shina na mizizi, na jani likibaki tupu unalidondosha. Mahindi nayo hufanya hivyo, hunyonya majani ya chini ili gunzi lipate chochote. Mikorosho pia, na mbaazi. Alisema mmea wenye njaa unajila wenyewe, na unaanza na majani yaliyoutumikia muda mrefu zaidi.

Muhogo ulikuwa na jambo la ziada, na hapo ndipo aliposhusha sauti, kama vile mimea ingemsikia. Ule uchungu wake ni sumu. Kwa muhogo sumu hiyo ni silaha na ni akiba kwa wakati mmoja: inamzuia mnyama asiutafune, na siku mvua zikirudi mmea unaweza kuivunja ukaitumia kujenga majani mapya. Kwa hiyo muhogo ukibanwa na ukame, unaiongeza. Shina lile lile, mbegu ile ile aliyokuachia nyanya yako, mwaka wa mvua mzizi wake ni mtamu na mwaka wa kiangazi kirefu ni mchungu. Nilikuwa msichana nilipolisikia hilo mara ya kwanza. Nilikuwa nimezoea kwamba mtamu ni mtamu na mchungu ni mchungu, kila mmoja na mahali pake, mtamu karibu na nyumba kwa ajili ya watoto kutafuna, mchungu mbali kwa ajili ya unga. Sikupenda kusikia kwamba ule wa karibu na nyumba unaweza kubadilika huku tunautazama.

Alikuwa na vituko vyake. Alituhubiria tusichome majani ya mikorosho, tuyaache yaoze yarudishe udongoni kile yalichobaki nacho, na alimfokea mtu yeyote aliyemkuta na kiberiti shambani. Lakini ua wake mwenyewe aliufagia mpaka ukang'aa, na majani yote akayachoma kila Jumamosi, kwa sababu ya nyoka. Mama yangu alimwuliza vipi. Akasema udongo wake yeye haulimi, anaukanyaga tu. Mama alilirudia jibu hilo kwa miaka, kila alipotaka kuchoma kitu.

Kilichomharibia jina ni kula. Huku kwetu mgeni hapiti jiko likiwa linatoka moshi bila kuonja. Bibi Shamba alikuwa anakuja na chombo chake cha wali na maharage, anakaa na sisi, anakula chake. Ukimlazimisha sana alimega ugali kidogo, akauweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Wote tulimtazama mdomoni. Halafu ama anameza na kusema asante, ama anautoa kwenye kitambaa na kuuliza makopa, vile vipande vya muhogo vya kutwanga unga, yalianikwa muda gani. Hakuna mpishi anayependa kuulizwa hivyo mbele ya watoto wake. Wapo waliofunga milango walipomwona anakuja.

Shambani ilikuwa hivyo hivyo. Ofisi haikumpa kifaa cha kupimia sumu, kwa hiyo alipima kwa mdomo. Alichimba kwa vidole, akakata kipande cha muhogo mbichi, akakitafuna kwa meno ya mbele, akangoja, akatema. Alituambia ulimi si kipimo cha kutegemea, kwamba unaweza kudanganya, lakini ndicho alichokuwa nacho. Kisha alisema huu mchungu au huu afadhali.

Hapo ndipo tulipokosea, sisi na yeye, na hakuna aliyejua kwamba tunakosea. Kwetu mzee akikutakia heri anakutemea mate kidogo, mkononi au kifuani. Hayo si mate ya dharau, ni ya dua. Basi wanawake walimwona mama mtu mzima, msomi, mcha Mungu, anaingia katika shamba la mtu, anafumba macho, anatema mate kwenye shina. Na baada ya kutema anasema, "Huu mchungu kweli kweli." Sasa mwulize mwanamke yeyote wa bondeni muhogo mchungu ni nini. Mama yangu alimwambia waziwazi, "Bibi, nhogo nchungu ndo mali. Nguruwe haugusi, na ntu hauibi." Bibi Shamba alikubali kwamba ni kweli, nguruwe hawaugusi, na akaendelea na maelezo yake ya kuanika. Kwa masikio yake alikuwa ametoa onyo. Kwa masikio yetu alikuwa amesifia shamba na kuliombea.

Ghafla akawa anapendwa. Wanawake waliomfungia milango walianza kumfuata njiani wamwombe apitie kwao. Walimwonyesha shina, wakasubiri ateme, wakamshukuru kwa mikono miwili. Alifurahi yule bibi. Alimwambia mama kwamba hatimaye elimu imewaingia. Mama naye akafurahi kwa ajili yake, maana alidhani anazungumzia dua.

Mwaka ule nilikuwa nimeolewa, na Zuhura alikuwa tumboni. Ulikuwa mwaka wa ukame kama huu. Jirani yetu Mama Anifa, ambaye wazee wake walivuka kutoka Msumbiji, alikuwa na mashamba mawili ya muhogo, na Bibi Shamba alikuwa ametema katika moja tu, lile la karibu na mto. Ndugu zake walikuwa wamevuka kuja kukaa kwake na vinywa vilikuwa vingi. Akaacha lile shamba jingine, akaanza kung'oa katika lile alilodhani limeombewa. Muhogo ukishamenywa unapaswa kuanikwa mpaka makopa yakauke yavunjike yenyewe, lakini njaa haina subira hiyo. Alitwanga makopa mabichi, akaanika unga, akatwanga tena, jioni wakasonga. Tuliuita unga wa siku moja na wengi tuliupika. Mama Anifa aliupika bila wasiwasi. Aanike ya nini siku zote hizo, wakati shamba limeshapata dua?

Walikula hivyo kwa wiki kadhaa, kwa kisamvu peke yake, bila samaki wala kunde. Kisha asubuhi moja Anifa, binti yao wa shule, aliamka akashindwa kusimama. Hakuwa na homa, na alisema haumwi popote. Miguu ilitetemeka, halafu ikakaza, vidole vikielekea chini, na alipoinuliwa magoti yaligongana. Jioni iliyotangulia alikuwa akiruka kamba. Nilikwenda kumwona na tumbo langu, nikamkuta amekalishwa ukutani anatutazama sote mmoja mmoja, akingoja mmoja wetu amwambie ni kitu gani. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilirudi nyumbani nikajaribu miguu yangu uani, naenda na kurudi, na kila nilipojikwaa nilidhani imeanza.

Watu walisema amerogwa. Wengine wakataja vijiji vya mbele ambako na huko watoto wameanguka, na kina mama wanaonyonyesha. Bibi Shamba alipopata habari alikuja mbio, yeye asiyekimbia kwa kuogopa kuanguka. Alimwangalia Anifa miguu, akaenda jikoni akaonja unga. Alitoka akiwa amepauka. Akamwuliza Mama Anifa, kwa sauti ya kulaumu, kwa nini hakumsikia alipomwambia kwamba shamba lile limekuwa chungu.

Mama Anifa hakuwa mtu wa kelele. Alimjibu taratibu. "Bibi, si wewe mwenyewe ulilibariki?"

"Nililibariki lini?"

"Ulipotema mate."

Bibi Shamba alimtazama, akamtazama mama yangu, akatutazama sisi wengine, na hakuna aliyekanusha. Niliona jambo lenyewe likimwingia. Alikaa chini pale pale, kwenye majani makavu, mtu aliyekuwa akikagua kiti kabla ya kukikalia. Mama alijaribu kumwinua akakataa. Alikuwa anayahesabu mashamba, anayataja kwa majina ya wenyewe, lile la bibi fulani, lile la mke wa fulani, yote aliyoitiwa aje ateme. Yalikuwa mengi. Na kila lililokuwa chungu kupita mengine ndilo alilotema kwa nguvu zaidi.

Sikumwona akitema tena mpaka leo. Aliendelea kuonja, maana ilibidi, lakini alimeza. Alitafuna muhogo mbichi mchungu mbele ya mwenye shamba, akaumeza, akasema kwa sauti ya kusikika hadi njiani kwamba huu ni sumu, hauliwi hivi. Kisha alizunguka nyuma ya nyumba akatapika. Mama alimwambia ataugua. Alijibu kwamba anaogopa, anaogopa sana, lakini mate yake anayaogopa zaidi. Ndiyo maana nasema alikuwa mwoga na siwezi kulitumia neno hilo vibaya.

Alikwenda nyumba kwa nyumba na mkeka kwapani. Hakuhutubia tena. Aliomba unga wa mwenye nyumba, akaulowesha kwa maji, akautandaza kivulini tabaka jembamba, akakaa pembeni kuulinda kuku wasiufikie. Alisema hewa ya sumu inatoka yenyewe ukiupa nafasi, ukiutandaza asubuhi basi alasiri unasongwa ugali siku ile ile. Alikuwa anakaa muda wote huo. Ukimwambia aende atarudi baadaye alikataa, kwa sababu alijua akiondoka tutaukusanya. Tulimkasirikia, maana kukaa na mgeni asiyetaka chakula, anayeulinda unga wako dhidi yako mwenyewe, si jambo dogo. Lakini tuliulowesha. Watoto walioanguka mwaka ule hawakuongezeka kijijini kwetu, na sijui kama ni mkeka ule au ni mvua zilizorudi.

Kwangu alikuja mara nyingi kuliko kwa wengine. Aliniletea dagaa, akaniletea kunde, akasema mwili unahitaji kitoweo ili uizime sumu ile, na kisamvu hakitoshi. Alisubiri nimalize sahani. Hakunigusa tumbo hata mara moja, ingawa kila mwanamke mwingine alinigusa. Nadhani aliogopa mikono yake itafsiriwe. Zuhura alipozaliwa, kila mzee alimtemea mate ya heri isipokuwa yeye. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto miguu, akaenda zake.

Na kuna jambo moja nisilolielewa mpaka leo. Mtu huyu aliyeingia kila nyumba hakuingia tena kwa Mama Anifa. Alizunguka njia ya mbali, kupitia majaruba ya mpunga anakoogopa mamba, ili asipite mbele ya ua ule. Anifa alikua, akajifunza kushona, anatembea kwa fimbo mbili juu ya vidole vya miguu, na nguo ya harusi ya dada yangu ni yeye aliyeishona. Hana kinyongo. Mara kadhaa alinituma nimwambie Bibi Shamba apite amshonee gauni. Nilipeleka salamu hizo. Alizipokea, akauliza kuhusu mvua.

Alipostaafu alirudi kwa mumewe mjini, na mume alipofariki alibaki katika nyumba hii iliyo kandokando ya barabara ya bandarini. Malori ya korosho yakipita madirisha yanatetemeka. Nilikuwa namtembelea kila nikija mjini, tunazungumza juu ya mama, ambaye hayupo tena. Mwaka jana alipata kiharusi. Mdomo wake umeshuka upande mmoja na maneno yanatoka polepole, lakini akili iko kamili.

Jana Zuhura aliniambia miguu yake mizito. Alisema kama mtu anayelalamikia joto, akaendelea kumnyonyesha mtoto. Mimi sikulala. Unga tunaoula ni wa shamba langu, na niliuanika vizuri, au nilidhani niliuanika vizuri. Zuhura ndiye aliyekuwa akitwanga nilipokuwa kwenye vibarua vya korosho Mpapura, na sikumwuliza makopa aliyaacha juani muda gani. Asubuhi nilifunga vipande vya makopa kwenye kanga nikaja kwa Bibi Shamba. Sikuenda zahanati kwanza. Sijui kwa nini. Nilitaka ulimi wake.

Alinipokea vizuri, nikamwamkia, akaniuliza habari za kwetu. Nikamfungulia kanga bila maelezo. Alielewa. Alichukua kipande, akakiweka upande wa mdomo unaofanya kazi, akatafuna, akafumba macho, akangoja. Niliyatazama macho yake yaliyofumbwa na nikajikuta naomba. Alimeza.

"Mtamu huu, mwanangu," akasema.

Sitaweza kuieleza nafuu ile. Nilicheka. Nilitaka kumshika miguu. Na kwa furaha tu, kwa kuwa kipande kilikuwa mkononi na sikuwa nimekula tangu alfajiri, nikakimega na kukitia mdomoni.

Kilikuwa kichungu mpaka taya zikafa ganzi. Sikutema. Sikuweza kutema mbele yake. Nikabaki na kitu kile mdomoni huku namtazama, na yeye akaniona usoni.

"Mchungu?" akauliza.

"Mchungu, Bibi."

Aliifunga tena kanga ile juu ya makopa. Akasema tangu alipougua haonji kitu, chumvi haioni, sukari haioni, walimpikia samaki nusu mbichi akala. Hakuwa amemwambia mtu.

"Nilidhani uchungu huo utanibakia," alisema.

Kisha akawa yule wa zamani, kwa ghafla iliyonitisha kuliko yote. Aliniuliza nani anakula unga huu. Nikamtaja Zuhura. Akauliza ananyonyesha, nikasema ndiyo. Akauliza kitoweo, nikasema mboga tu, samaki hatujaona siku nyingi. Akauliza miguu, na nilipojibu alinishika mkono kwa nguvu nisiyodhani anayo, akasema mpigie.

Nilimpigia kaka yangu kwanza, kisha Zuhura. Alipokea akiwa mchangamfu, mtoto analia nyuma yake. Nikamwambia asipike, asile, na mjomba wake anakuja kumchukua. Akauliza kuna nini. Bibi Shamba alininyang'anya simu akaiweka mezani kati yetu, sauti ikiwa wazi, akaniambia kwa mdomo wake mzito nimwamuru achuchumae kisha asimame. Nikamwamuru. Zuhura akacheka, akasema nimeanza mambo gani, akafanya. Akasema amesimama. Bibi Shamba akasema atembee mpaka mlango wa mbele. Tukasikia ndala zake zikiburuzika sakafuni, polepole, huku sote wawili tumeinamia simu ile na lori likapita nje nikalilaani. Kisha zikatulia.

"Nimefika, mama," Zuhura akasema. "Mnanitisha."

Nilishusha pumzi. Bibi Shamba hakushusha. Alisogeza mdomo wake karibu kabisa na simu.

"Sasa rudi," akamwambia mwenyewe. "Bila kushika ukuta."

Ndala za Zuhura hazikusogea. Mtoto alikuwa ameacha kulia.

"Nimeshika kidogo tu, mama," akasema.